Kilima Juu ya Gorogoro

Sitamtaja jina kwa sababu yeye hakuwahi kulitaja langu. Kwa miaka minne ya shahada ya kwanza na mitatu ya uzamili aliniita msichana wa Kapsoya, kana kwamba mtaa mzima wa Kapsoya una msichana mmoja na kazi ya msichana huyo ni kusubiri nje ya mlango wake. Basi nami nitamwita Msimamizi, maana hicho ndicho cheo alichopewa na idara: anisimamie nikiandika tasnifu yangu. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, alikwenda shule pekupeku au kwa viatu, hayo atayaandika mwenyewe akistaafu. Anapenda sana kuandika, hasa akipata mtu wa kumfanyia kazi kwanza. Mimi nitasema niliyoyaona.

Cha kwanza nilichokiona ni vidole. Alikuwa mrefu na mwembamba, na kila alipotaka kueleza somo lake alinyoosha vidole viwili mbele ya kifua, kimoja cha mkono huu na kimoja cha mkono ule, kimoja juu na kingine chini.

"Hii ya juu ni nchi tajiri," alisema. "Hii ya chini ni nchi maskini. Fungua mpaka. Bidhaa zipite, watu wapite. Tajiri anatembea, maskini anakimbia. Siku moja, wapende wasipende, wanakutana."

Halafu alivisogeza polepole mpaka ncha zikagusana, akavishikilia hapo, akitutazama juu ya miwani kama mtu aliyetoa njiwa mfukoni.

Hilo ndilo somo lake: kukaribiana kwa uchumi. Swali la kama nchi zilizojiunga katika jumuiya moja huishia kulingana, bei kwa bei na mshahara kwa mshahara, au kama mkubwa hubaki mkubwa na mdogo hubaki akimbebea mzigo. Alivisogeza vidole vile darasani, alivisogeza kwenye chai ya wageni wa idara, na mara moja nilimwona akivisogeza kwenye ibada ya kumuaga mwalimu mwenzake, mjane akiwa kiti cha mbele. Alitaka kusema kwamba marehemu alikuwa mtu wa kuleta watu pamoja. Ilibidi apitie Afrika Mashariki yote ndipo afike hapo.

Sitadanganya. Nililipenda somo hilo kwa sababu yake. Nilikuwa nimelelewa nyuma ya magunia, katika kibanda cha nafaka cha mama yangu sokoni Eldoret, na sikujua kwamba swali la kwa nini maharagwe ya Uganda ni rahisi kuliko yetu lina vitabu, lina maprofesa, lina watu wanaolala hotelini kwa sababu yake. Yeye ndiye aliyenifungulia mlango huo. Watu huniuliza kwa nini nina uchungu naye hivi, wakati walimu wabaya ni wengi. Ni kwa sababu hakuwa mwalimu mbaya. Angekuwa mbaya ningeshamsahau.

Na alikuwa mkarimu, niseme hilo pia, ili asije akasema nimelificha. Ana shamba kubwa la mahindi katika kijiji kiitwacho Ziwa, na kila mwaka mahindi yakikomaa kidogo, kabla hayajakauka, alikuja na pikapu imejaa, akawaamuru wanafunzi wapakue, akawasha jiko la idara yeye mwenyewe. Mahindi ya kuchemsha, sufuria kubwa, mlango wazi. Wale waliokuwa hawali mchana aliwajua kwa sura.

"Kula, kijana. Mtu mwenye njaa haoni grafu."

Nilikula mahindi yake. Nilisema asante. Asante ile imenikwama kooni mpaka leo, na ningeweza kuirudisha ningeirudisha ikiwa na punje zote.

*

Kulikuwa na Msimamizi wa darasani, na kulikuwa na Msimamizi wa Ziwa, na hao wawili hawakuwa wakisalimiana.

Wa darasani alisema mipaka ni mistari iliyochorwa na watu waliokuwa hawali ugali. Wa Ziwa nilikutana naye siku ya soko, nilipokwenda huko kuuliza bei ya mahindi kwa ajili ya kazi ya darasa lake mwenyewe. Nilisikia sauti kwenye kipaza sauti karibu na mahali pa kuuzia ng'ombe. Wakulima walikuwa wamekusanyika, wamekasirika, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka. Nilipopenya mbele nikamwona amesimama juu ya trela ya trekta, amevaa viatu vya gambuti vya shambani, amekunja ngumi.

"Hayo malori ya Uganda yarudishwe huko huko mpakani Malaba!" alikuwa anapaza sauti. "Hatuwezi kulima hapa, halafu mahindi ya watu yaje kutulalia kichwani!"

Wakulima walipiga makofi. Mimi niliangalia mikono yake. Ngumi zote mbili zilikuwa zimefungwa, hakuna kidole kilichokuwa kinatafuta mwenzake.

Aliniona. Sikulala wiki hiyo vizuri, nikifikiria: atanichukia kwa kumwona? Atadhani nimekwenda kumpeleleza? Nijifanye sikumwona? Lakini kujifanya sikumwona, je, si ndiko kutamwonyesha kwamba nilimwona? Jumatatu aliingia darasani, akaweka chupa yake ya mursik, maziwa ya mgando, mezani, akasema kabla hata ya kutusalimu, macho yakiwa kwangu, "Mkulima na mwalimu ni watu wawili. Wakiishi nyumba moja, kila mmoja ana chumba chake." Darasa lilicheka bila kujua linacheka nini. Mimi nilicheka pia, na nilipomaliza niliogopa kwamba nimecheka sana.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa ananiambia ukweli. Watu wawili. Ndiyo maana hakuna kati yao aliyewahi kuona aibu kwa alichofanya mwenzake.

*

Aliandika kwa penseli. Hakuwa na kalamu hata moja mezani. Alichonga penseli zake kwa kisu kidogo, akazipanga kwa urefu, na alisema kalamu ni ya mahakimu. Hadithi hakuzitaka. Ukiingia ofisini ukaanza, "Prof, kuna mama mmoja kule soko la juu aliniambia," alikuwa anageuza uso akatazama dirishani mpaka ukamaliza. Kisha anasema neno lake.

"Hiyo ni hadithi. Leta namba."

Nilikuwa naamini. Nilikuwa naenda nyumbani nikimwambia mama yangu, "Hiyo ni hadithi, Mama, leta namba," na mama yangu, ambaye ameuza maharagwe Eldoret tangu nikiwa mgongoni, alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeona mwanawe ana homa.

Siku niliyompelekea wazo la tasnifu yangu, nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nilimwambia hivi: mama yangu anauza maharagwe yanayotoka ng'ambo ya Malaba. Nataka kuyafuata. Mwaka mzima, kila wiki, niandike bei ya upande wa Uganda na bei ya soko la Eldoret, maharagwe yale yale, kisha nichore mistari miwili nione kama inakutana.

Hakutazama dirishani. Aliweka penseli chini.

"Msichana wa Kapsoya," alisema, "wewe umezaliwa ndani ya data."

Nilitoka ofisini nikiwa na furaha ambayo bado naionea haya.

Nilifanya kazi hiyo mwaka mzima. Jumatano nilikuwa soko la Eldoret. Jumamosi nilipanda lori la mzee anayetuletea mzigo, nikavuka mpaka, nikazunguka soko la huko na daftari kubwa, nikarudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope. Sikukosa hata wiki moja, isipokuwa moja ya mwezi wa saba nilipolazwa kwa taifodi. Wiki hiyo niliiacha wazi. Mama alinishauri nikadirie tu, nani atajua. Sikukadiria. Nilichora mstari mfupi mahali pa namba, nikalia kidogo kwa ajili ya mstari huo.

Sasa lazima nieleze jambo la mkebe, maana kila kitu kimekaa hapo.

Upande ule wa mpaka, wauzaji niliowaandika walikuwa wanapima kwa mizani, kilo kwa kilo. Maharagwe yakiadimika, bei ya kilo inapanda na kila mtu anaiona ikipanda. Kwetu Eldoret tunauza kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia uliokwisha, unaokubalika kama kilo mbili. Lakini hakuna anayeuza mkebe peke yake. Kuna kilima. Unachota, unajaza, unaongeza mpaka maharagwe yanasimama juu ya mdomo wa mkebe kama kichuguu, na kilima hicho ndicho mteja anachokitazama. Mwuzaji wa Eldoret maharagwe yakiadimika hapandishi bei. Anashusha kilima. Wiki hii kidogo, wiki ijayo kidogo tena, mpaka siku inafika anachukua kijiti, anakipitisha juu ya mkebe, anakata kabisa. Bei ni ile ile ya mwezi uliopita. Maharagwe siyo.

"Bei ukiipandisha, mteja anavuka kwa jirani," mama yangu aliniambia nikiwa mdogo. "Kilima ukikipunguza, anakuangalia tu, anakulaani kwa tumbo, lakini ananunua. Na wewe usimwangalie machoni ukikata."

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango hurudi kuujaribu, nikishaujaribu narudi kuona kama kuujaribu hakujaufungua. Sikuweza kuandika "gorogoro moja" nikalala. Basi nilinunua mizani ndogo ya jikoni, na kila Jumatano nilinunua gorogoro kwa wauzaji tofauti, kila mara na kwa mama yangu, nikaipima nyumbani pamoja na nyongeza ya mkono, nikaandika uzito katika daftari la pili. Daftari la kwanza lilikuwa na bei. La pili lilikuwa na vilima.

Na ukiyasoma yote mawili pamoja, hadithi ilikuwa wazi. Katika daftari la kwanza peke yake, bei ya ng'ambo ilipanda wiki baada ya wiki, na ya Eldoret, iliyokuwa juu, ilisimama palepale. Mstari wa chini ulipanda ukaufikia wa juu. Vizuri kama kwenye vidole vyake. Lakini ukiweka vilima, ya kwetu nayo ilikuwa inapanda wakati wote, kimyakimya, ndani ya mkebe. Mistari ile haikukutana. Ilikuwa inapanda pamoja, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu waliogombana wanaotoka kanisa moja.

Nilimpelekea daftari la kwanza ofisini. La pili nilikuwa nalo mkobani.

"Prof, kuna daftari lingine. La mikebe."

"Mikebe gani?"

"Gorogoro. Kwa sababu kilima kinapungua, sasa hiyo bei..."

"Msichana wa Kapsoya." Alikuwa ameshalifungua la kwanza, anashuka na penseli kwenye safu ya namba. "Gorogoro ni kilo mbili. Kila mtu anajua. Mambo ya makopo waachie wauza duka."

"Lakini Prof..."

"Leta namba. Umeleta. Nenda upumzike."

Mkulima wa Ziwa huuza kwa gunia. Lori linakuja shambani, magunia yanapimwa, yanapakiwa. Nadhani katika maisha yake hajawahi kusimama mbele ya mama mwenye mkebe akiomba aongezewe. Mke wake anajua. Kijakazi wake anajua. Kila mtu aliyewahi kula katika nyumba ile anajua kilima ni nini, isipokuwa yule anayefundisha bei.

Daftari likaingia kwenye droo yake. Sikuliona tena.

*

Miezi mitatu baadaye aliniambia data yangu ni dhaifu. Alisema kwa upole, akanimiminia mursik kwenye kikombe chake cha akiba. Alisema nitafute mada nyingine, ndogo, isiyo na mpaka. Nilimwomba daftari langu. Alisema limepotea katika kuhamisha makabati, atalitafuta. Nikaandika tasnifu kuhusu vyama vya maziwa, mwaka mzima zaidi, mama akilipa kodi ya nyumba peke yake. Siku ya mahafali Msimamizi alinipa mkono, akasema, "Umeona? Uvumilivu." Nikasema asante. Ya pili hiyo.

Kazi sikupata. Nilirudi kwenye kibanda.

Halafu mwenzangu wa darasa, aliyepata kazi Kampala, akanitumia makala kwenye simu. "Mzee wako amelipuka," aliandika. Msimamizi alikuwa ameandika kuhusu maharagwe. Soko moja la Eldoret, soko moja ng'ambo ya Malaba, wiki kwa wiki, mwaka mzima. Na pale katikati grafu yake: mistari miwili, wa chini ukipanda, wa juu umesimama, mpaka ikagusana. Ushahidi, aliandika, kwamba jumuiya yetu inafanya kazi mpaka kwenye sahani ya mwananchi.

Niliikuza grafu kwa vidole viwili kwenye kioo cha simu. Mwezi wa saba kulikuwa na pengo. Wiki moja, wazi. Katika dunia hii hakuna mtu mwingine aliyeugua taifodi wiki hiyo kwa ajili ya maharagwe.

Mwishoni, kwenye shukrani, alimshukuru Mungu, mkewe, idara, na "msaidizi wa utafiti."

Nilipiga yowe mpaka mama akaninyang'anya simu akidhani nimepata habari ya msiba. Kisha nikakumbuka daftari la pili. Lilikuwa nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro. Nikaisoma makala tena kutoka mwanzo. Gorogoro ni sawa na kilo mbili, aliandika, ukurasa wa kwanza kabisa, bila hata kutoa sababu.

Sijawahi kuwa na furaha chafu namna ile.

Niliandika barua ya kumfichua. Niliiandika mara nyingi, nikaihifadhi kwenye simu, nikaifuta, nikaiandika upya. Nikisema data ni yangu, je, kosa nalo si litakuwa langu? Nikisema kosa ni lake, nitathibitisha vipi kwamba nilimwambia? Wakiniuliza kwa nini nilinyamaza miaka yote? Na nikiituma sasa hivi, si atarekebisha haraka, aombe radhi kwa ukurasa mmoja, asifiwe kwa unyenyekevu? Nikaona heri nisubiri. Nilitaka apande zaidi kwanza. Akaitwa redioni, nikamsikiliza nikichambua mawe kwenye maharagwe. Akaitwa kwenye makongamano ya nje. Kila alipopanda ngazi moja nilimshikia ngazi kwa moyo wote. Nilimwombea, kwa kweli. Nilimwombea kanisani, nimepiga magoti, apande juu mahali ambapo mtu akianguka anasikika.

*

Alikuja mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mvua imetoka kukatika, matope kila mahali na magunia yamefunikwa kwa turubai. Ulikuwa msimu wa uhaba. Soko lote lilikuwa limeshika vijiti. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta. Mimi nilikuwa nimekalia gunia. Nikaona gambuti kwanza, kisha miwani.

"Karibu kastama, karibu Mzee," mama akasema. Hakumjua. "Iko nyayo, iko rosekoko, iko ya njano. Imeingia jana, hata mdudu hajaiona."

"Asante, Mama." Kisha akanigeukia. Alikuwa amezeeka shingoni. "Msichana wa Kapsoya! Kumbe ni kweli uko hapa."

"Niko, Prof."

"Na ulipata kazi?"

"Hii ni kazi."

Mama alisimamisha ungo kidogo, akauendeleza. Msimamizi akasogea, akainama chini ya turubai, akashusha sauti.

"Ile daftari ingine," alisema. "Ya mikebe. Bado uko nayo?"

Nilimwacha asimame hapo. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo kwa muda mrefu kiasi kwamba lilipofika sikujua nilipe sura gani. Akadhani sijaelewa, akaeleza. Kwenye kongamano la mwisho walikuwa wamealika wafanyabiashara wa mpakani waseme machache. Alipomaliza kuonyesha grafu yake, mama mmoja kutoka upande wa Uganda, mchuuzi tu, akainua mkono akauliza: hiyo gorogoro yenu ya Eldoret ilikuwa ya kujaza, ama ya kukata?

"Watu walicheka," alisema. "Halafu wakaacha kucheka."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia uzito umo kwenye kiambatisho." Alipangusa miwani kwa ncha ya sweta. "Sasa wanataka hicho kiambatisho. Mwisho wa mwezi. Na wanaotengeneza kitabu cha kongamano wamesimamisha sura yangu mpaka wakione. Ni kitu kidogo tu, lakini unajua watu."

"Na jina langu litakaa wapi, Prof?"

"Kwenye shukrani," alisema haraka, kama mtu aliyekuja na zawadi. "Tena mbele kabisa. Kabla ya idara." Akatoa kijitabu mfukoni na penseli, iliyochongwa kwa kisu kama zamani. Akailamba ncha. "Jina lako kamili ni nani, hasa?"

Miaka saba. Niliitazama penseli. Nilifikiria mambo mengi kwa wakati mmoja, kama kawaida yangu: kwamba hii huenda ndiyo nafasi pekee nitakayopata ya jina langu kuchapishwa mahali popote, kwamba naweza kudai zaidi, niwe mwandishi wa pili, na huenda akakubali, kwamba nikikataa nitajuta, na nikikubali nitajuta zaidi. Daftari lilikuwa chini yangu, ndani ya gunia nililokalia. Nilikuwa nimeanza kuja nalo sokoni kila siku. Mtu wa wasiwasi haachi vitu nyumbani.

"Prof," nilisema, "umekuja kununua maharagwe ama?"

Akamtazama mama, akanitazama mimi. "Basi nipimie. Gorogoro moja."

Nilichukua mkebe. Nilichota maharagwe ya rosekoko, nikajaza, nikaongeza, nikaongeza tena, mpaka kilima kikasimama kizuri, kama vile vya siku za mavuno. Nilimngoja akione. Kisha nikachukua kijiti nikakipitisha juu ya mdomo wa mkebe, polepole, kutoka upande huu hadi upande ule, na kilima chote kikaporomoka kikarudi ndani ya gunia. Mama alinifundisha nisimwangalie mteja machoni nikikata. Nilimwangalia machoni.

"Mbona unakata?" aliuliza.

"Gorogoro ni kilo mbili, Prof. Kila mtu anajua."

Alitazama mkebe, akatazama gunia, akatazama mkebe. Nikaona vidole vyake viwili vikiinuka vyenyewe mbele ya kifua, kimoja juu na kimoja chini, kile cha juu kikapanda kidogo, na cha chini kikapanda kidogo, na havikugusana.

"Kwa hivyo bei ya huku haikuwa imesimama," alisema kwa sauti ndogo.

"Mambo ya makopo, Prof, waachie wauza duka."

Nilimimina maharagwe yake kwenye mfuko nikaufunga. Hakuupokea. Alikuwa bado ameshika penseli, akingoja, nafikiri, nicheke niseme ni utani. Sikucheka. Na hapo ndipo mama, aliyekuwa amesikia yote na kuelewa jambo moja tu, kwamba mteja anaonewa kwenye kibanda chake, akaweka ungo chini.

"Akinyi! Mzee wa watu unamkatia hivyo, na mvua yote hii amepita?"

Akanipokonya mfuko, akaufungua, akazamisha viganja vyote viwili ndani ya gunia, akachota akamwaga. "Pole sana, Mzee. Hawa watoto wamesomeshwa mpaka wakaishiwa mkono wa kumwongezea mteja."

Akaufunga mfuko, akampa. Msimamizi akaupokea kwa mikono miwili. Alikuwa amelisikia jina langu sasa, lilikuwa limesemwa mbele yake bure, na hakuliandika. Alikuwa anatazama viganja vya mama yangu.

"Mama," alisema, "hiyo umeniongeza, hiyo inaweza kuwa gramu ngapi?"

Mama alicheka mpaka wauzaji wa vibanda vya jirani wakageuka. "Gramu! Mzee, si hiyo ni ya mkono tu? Nani atakupimia mkono wa mtu?"

Msimamizi akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ananitazama kama mtu anayejua kitu ambacho yeye hakijui, na alikuwa sahihi. Nimeupima mkono wa mama yangu Jumatano baada ya Jumatano, wakati wa mavuno na wakati wa uhaba, kwa mizani niliyoinunua mwenyewe. Namba yake iko katika daftari la pili, kwa wino.

Nilichukua kijiti nikapangusa mdomo wa mkebe, nikamwuliza mteja aliyekuwa nyuma yake anataka ngapi.